Ukuta Tulioubusu

Nilipoolewa nyumbani kwa akina Tolib, mama mkwe wangu hakuanza kwa kunionyesha tanuri wala kisima. Alinionyesha ukuta.

"Mkamwana," aliniambia, "hapa ukifagia, fagia umepiga magoti. Usiuegemee. Usitundike nguo. Msumari usiuguse hata kwa mawazo."

Ulikuwa ukuta wa udongo kama kuta zote za kijiji cha Kumarik, wa chumba alichokuwa analala yeye, upande wa kibla. Lakini kwenye kimo cha kifua palikuwa na sehemu imeng'aa, kama goti la suruali ya mtu aliyelima miaka mingi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa mwoga, kama nilivyo mpaka leo. Mimi ndiye mtu anayekagua komeo mara tatu, na anayehesabu watoto mezani ingawa ni wawili tu. Sikuuliza. Niliangalia. Asubuhi moja nikamwona anainama na kuubusu, kisha anaugusisha paji la uso, ndipo nikajua mng'ao ule umetoka wapi.

Jina lake Hosiyat. Alinisimulia mwaka wa tatu, nilipomzaa Ilhom, kwa sababu kwake mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Baba yake, Mirzo Kobil, alikuwa karani wa kijiji. Mwaka wa thelathini na saba, Hosiyat akiwa na miaka kumi na mitano, baba alirudi nyumbani adhuhuri, saa ambayo si yake, akaagiza maji na udongo na majani makavu. Akafunga kitabu kimoja ndani ya kitambaa chake cha kiunoni cha harusi, akakiweka kwenye shubaka, na akalikandika shubaka mpaka likawa ukuta. Mikono ya kalamu, alisema mama mkwe, lakini siku ile ilikandika vizuri kuliko ya mwashi.

"Kitunze," alimwambia binti yake. "Ipo siku watu watakitaka."

Siku ya nne walikuja wanaume wawili. Baba alivaa buti ya kushoto mguu wa kulia na ya kulia mguu wa kushoto, akatoka hivyo hivyo, na hakurudi.

Miaka ile kila mtu alikuwa anaficha. Kitu chochote chenye herufi za zamani, za Kiarabu, kilitosha kumpeleka mtu gerezani, iwe ni msahafu au karatasi ya dawa ya kuku. Watu walivitupa vitabu mtoni, wengine walivizika makaburini pamoja na maiti. Serikali ikabadilisha herufi, na baada ya miaka michache ikazibadilisha tena, hata mtoto asiweze kusoma barua ya babu yake. Hosiyat alikuwa amesoma zile za katikati tu. Kwa hiyo, baba anapokiziba kitabu ukutani upande wa kibla na kusema watu watakitaka, kitakuwa nini kama si msahafu? Ningekuwa mimi ningefikiri hivyo hivyo. Kila mtu pale kwetu angefikiri hivyo.

Basi akakaa nacho maisha yake yote. Mumewe Nurmat, aliyekubali kuhamia kwao, alikwenda vitani mwaka wa arobaini na mbili. Kwetu kijana anayeondoka hung'ata mkate kipande kimoja, na mkate uliobaki hutundikwa ukutani mpaka arudi aumalize. Mkate wa Nurmat ulitundikwa karibu na shubaka lile, na nilipoingia nyumba ile ulikuwa bado upo, mweusi na mgumu kama tofali, alama ya meno yake ikionekana wazi. Tolib mume wangu hakuwahi kumwona baba yake. Alikuwa akinionyesha meno yale na kusema, "Hayo ndiyo nimefanana nayo."

Mwanamume mwema wa mji wa Rishtan alimposa Hosiyat baada ya vita. Akakataa, kwa sababu angehamia kwake. Mwaka wa sabini na nne shamba la ushirika lilijenga nyumba za matofali zenye bomba ndani, na yeye, mvunaji pamba wa miaka thelathini mwenye nishani mbili, jina lake lilikuwa la kwanza. Akakataa tena.

"Watu wote wana bomba," Tolib alimaka siku ile, "sisi tuna ukuta!"

"Bomba linakauka," alijibu mama yake.

Na wanawake walikuja. Siri ya kijiji ni kitu ambacho kila mtu anakijua na hakuna anayekisema. Walikuja wenye mimba wakagusisha tumbo. Walikuja kina mama ambao wana wao wamechukuliwa jeshini. Hata mke wa katibu wa Chama alikuja, kwa njia ya nyuma, amejitanda mtandio wa mtumishi wake. Mama mkwe akamkaribisha kwa kumwita jina la yule mtumishi mpaka mwisho, ili wote wawili wawe na amani.

Ilhom wetu alichukuliwa jeshini majira ya kuchipua ya mwaka wa tisini. Akapelekwa kaskazini, kwenye barafu. Akang'ata mkate wake, nikautundika mwenyewe pembeni ya ule wa babu yake, na moyo wangu haukupenda ujirani ule, lakini mama mkwe alisema hakuna mahali palindwapo zaidi. Miaka ile majeneza yalikuwa yanarudi kutoka kambini bila vita yoyote, na maofisa waliosema "ameanguka", "ameugua". Ilhom aliandika kila wiki mbili. Kisha kila mwezi. Kiangazi cha tisini na moja akanyamaza kabisa.

Ndicho kiangazi kile ambapo redio ilipiga muziki siku nzima bila mtu kusema neno. Tulijua tu kwamba huko Moscow wanapindua, au wanapinduliwa. Mwenyekiti wa shamba letu, Sobir, aliitoa ofisini picha ya mwasisi wa Chama siku ya kwanza, akairudisha ya pili, na ya tatu akaitoa tena. Jirani yangu Toji, mwanamke asiye na breki mdomoni, alimsimamisha njiani.

"Mwenyekiti, leo picha iko ndani au nje? Nataka kujua nikusalimie vipi."

"Nisalimie polepole, dada," alisema Sobir akijifuta jasho. "Mpaka jioni tutajua."

Mwisho wa mwezi ule tukaambiwa sisi sasa ni nchi. Winchi ya kupakia pamba ikaja kuliondoa sanamu la saruji la mwasisi huyo pale mbele ya ukumbi wa kijiji. Mkono wake ulikatika ukabaki umelala kwenye maua wiki mbili, na watu wakawa wanauruka wakipita, hakuna aliyethubutu kuuokota. Sobir akaonekana na kofia mpya kichwani, akijifunza kutawadha. Mimi sikushangilia wala sikulia. Nilijiuliza kitu kimoja tu: nchi ikifa, wanajeshi wake anawarudisha nani?

Msikiti wetu ulikuwa ghala la mbolea tangu kabla sijazaliwa. Waliusafisha mwezi mzima, na hata hivyo harufu ikauma macho. Ukapangwa kufunguliwa Ijumaa moja ya Novemba, na kijana mmoja, Zayniddin, aliyesoma madrasa ya Bukhara, akaletwa kuwa imamu. Mama mkwe aliposikia aliniita.

"Mukarram, Ijumaa ile nitakipeleka. Nitakiweka mikononi mwa imamu mbele ya watu wote. Baba yangu alisema ipo siku. Ni hiyo."

Habari ikaenea upesi kuliko moto wa majani makavu. Sobir mwenyewe alikuja kusema kitabu kitabebwa kwa maandamano.

Jumatatu ya wiki ile Tolib alibomoa shubaka. Tulikuwa wanne tu, pamoja na Mulla Ismat. Huyu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha pamba, mzee wa miaka sabini na moja, na ndiye mtu pekee Kumarik aliyejua herufi za zamani. Kwa miaka yote ametuoshea maiti na kutusalia kwa siri. Alitawadha, akaketi, akakipokea kitambaa kwa mikono miwili. Kilichotoka kilikuwa daftari nene lenye jalada la ngozi.

Akalifungua. Mimi niko mlangoni, naangalia, maana ndiyo kazi yangu duniani. Niliona mambo matatu. Midomo yake haikucheza, na mtu anayesoma neno la Mungu midomo hucheza hata kama hataki. Mistari ilikuwa mifupi. Na kidole chake kilishuka, kikashuka, kikasimama mahali pamoja, na uso ukampauka.

"Mulla, ni msahafu?" aliuliza mama mkwe.

"Ni…" Akaangalia viganja vyake. "Ni dua, dada Hosiyat. Dua za watu wengi."

"Dua tu?"

"Dua tu."

Mama mkwe alilia, akalipokea, akalibusu mara tatu. Ismat hakulibusu. Mtu huyu, akikuta kipande cha mkate njiani, hukiokota na kukibusu na kukiweka juu ya ukuta ndege wale. Daftari hakulibusu. Akakataa chai, akaondoka.

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye safu ya miforosadi kando ya mfereji, amesimama ameshika mti.

"Mulla, mimi si mtoto. Mle mna nini?"

"Rudi nyumbani, binti."

"Nina kijana jeshini na mkate wake ulikuwa umetundikwa hapo miezi kumi na minane. Nina haki ya kujua ulitundikwa chini ya nini."

Akaniambia.

Mwaka wa thelathini na moja Chama kiliiagiza Kumarik itoe makabaila. Kumarik haikuwa na makabaila. Kabaila wetu alikuwa mwenye ng'ombe wawili. Lakini idadi ilikuwa imeletwa, familia thelathini na moja, na karani Mirzo Kobil akaziandika. Wakapakiwa kwenye mikokoteni mpaka stesheni, na kutoka stesheni kwenye mabehewa mpaka nyika za Kherson, nchi ya watu wengine kabisa. Ile ndiyo orodha. Ila si hiyo peke yake. Pembeni ya kila jina, kwa wino mwingine na mwandiko mdogo, karani alikuwa ameongeza mambo miaka sita mfululizo: huyu alifia wapi, huyu alizikwa wapi, watoto walichukuliwa na nani. Alikuwa anawauliza wafanyakazi wa reli, wachuuzi, na wachache waliotoroka wakarudi.

"Na nyinyi mmo?" nilimwuliza.

"Wa kumi na saba," alisema Ismat. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba, mama, kaka wawili, mimi, na Salima mwenye miaka minne. Njiani Salima akawaka homa, wakamshusha. Sikujua ni stesheni gani, behewa halikuwa na dirisha. Wengine niliwazika mwenyewe. Huyo mmoja nimemtafuta miaka sitini." Akapangusa pua kwa mkono wa joho. "Imeandikwa pale, Mukarram. Kazalinsk. Mke wa mfanyakazi wa reli alimchukua akiwa hai. Imekuwa pale ukutani wakati wote. Nimewahi kuketi mbele ya ukuta ule nikinywa chai."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilirudi mwaka wa arobaini na sita, mifupa ndani ya koti. Ndugu zangu waliogopa kunifungulia. Hosiyat ndiye aliyefungua. Alinipa mkate, kisha akanipa kazi ya kumchimbia kisima ambacho hakukihitaji, ili nisione haya kula. Nimwambie nini mtu kama huyo? Kwamba amebusu miaka hamsini na nne orodha ya baba yake?"

"Ijumaa yule kijana wa Bukhara atalifungua mbele ya watu wote."

"Najua," alisema. "Ninaomba mvua."

Nitasema ukweli wangu, maana bila huo hadithi hii ni uongo. Sikumfikiria mama mkwe kwanza. Nilimfikiria binti yangu Dilbar. Kijana wa Toji alikuwa anamtaka, na mkate wa uchumba ulikuwa bado haujavunjwa. Nani angevunja mkate na kitukuu wa mtu yule? Jumatano asubuhi, mama mkwe alipokwenda kwa jirani kuazima pasi, nililichukua daftari na kulipeleka kwenye tanuri. Moto ulikuwa umekolea, kuta za tanuri zimekuwa nyeupe. Ningelitupa na kusema panya, au mwizi, au nisiseme kitu.

Nilikuwa nimeinua mkono. Ndipo nikafikiri: hivi sasa, huko kwenye barafu, kwenye ofisi fulani ambayo haina tena mwenye nayo, huenda kuna karani ameandika pembeni ya jina la Ilhom yuko wapi. Huenda ni karani mbaya. Huenda ndiye aliyempeleka huko. Na huenda kuna mwanamke amesimama mbele ya moto na karatasi ile mkononi, ana binti wa kuozesha.

Nikarudi ndani, nikaliweka mahali pake. Mikono yangu ilinuka moshi siku nzima.

Alhamisi nilimwambia. Alikuwa anaukunja mtandio mweupe wa kesho. Nilisema yote bila kupumua, na nilipomaliza mtandio ulikuwa umekunjwa umekuwa mdogo kama barua.

"Mwite Ismat," alisema.

Ismat alikuja kama mshtakiwa.

"Soma," alimwambia. "Bila kunihurumia, nimekwisha kuhurumiwa vya kutosha wiki hii."

Akasoma. Kila jina lilipotoka, mama mkwe alisema nyumba. "Hao ni pale kwenye mti wa aprikoti uliokatwa." "Hao binti yao alikuwa na kengele kwenye nywele." "Hao sasa ni gereji ya Sobir." Hakulia. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ismat alipofika mwisho alifunga daftari.

"Wamekwisha?"

"Wamekwisha, dada."

Mimi nilikuwa nimehesabu. Alisoma majina thelathini.

Ijumaa mama mkwe aliamka akaoka. Akamtuma Tolib kumwambia imamu kwamba kitabu hakitakuja. Sobir alikimbia mbio mpaka kwetu, kofia imepinda. "Mama, maandamano yamepangwa! Watu wa wilaya wamekuja!"

"Waandamane," alisema. "Miguu ni yao."

Alifunga mikate miwili kwenye kitambaa, kama tunavyofanya tukienda kwenye nyumba ya msiba, akanishika mkono, tukatoka. Kijiji kizima kilikuwa kinaelekea msikitini. Sisi wawili tulikwenda upande wa pili, watu wakitupisha, na hakuna aliyeuliza. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Ismat.

Ismat alikuwa anavaa joho la kwendea msikitini. Mkono mmoja ulikuwa ndani, mwingine nje.

"Nimekuja kutoa pole," alisema mama mkwe.

"Pole ya nini, dada?"

"Usinichoshe, Ismat. Nilikuwa na miaka tisa, si kipofu. Mama yako alipopandishwa mkokoteni alikuwa na kiatu kimoja. Kingine nilikiokota mimi. Nilikificha mpaka kikanitosha, nikakivaa mpaka kikaisha, na hicho kimoja tu, mguu mwingine nikaweka cha kaka yangu. Sikujua orodha ni mwandiko wa nani. Sasa najua."

Ismat alikaa chini pale pale kizingitini. Mama mkwe akakaa mbele yake. Wakainua mikono, akasoma fatiha yule aliyefiwa, maana sisi wawili hatukuijua vizuri mpaka mwisho. Miaka sitini imepita, na hayo ndiyo yalikuwa matanga ya kwanza ya nyumba ile.

"Sasa nisomee la Salima," alisema.

Tangu siku ile, kila Alhamisi, mikate miwili, nyumba moja. Unga ulikuwa umeadimika, tulichanganya na wa mahindi na mikate ikawa inapasuka. Nilikwenda naye kumshika mkono, na kuangalia. Nyumba nyingine walimpokea, wakaketi, wakasikiliza mahali babu yao alipozikwa, wakapaandika. Nyingine walishangaa: "Bibi, babu yetu kabaila? Sisi tuliambiwa alikufa kwa homa ya matumbo." Kwa Toji, mume wake ndiye aliyekuwa mjukuu wa aliyepelekwa, na Toji, ambaye nilimwogopa kuliko wote, alisikiliza amefunga mdomo mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akasema, "Basi tutavunja mkate wa watoto lini? Au mnataka tungoje miaka sitini mingine?" Nililia njia nzima kurudi.

Kwenye gereji ya Sobir mama mkwe alisimama mbele ya mlango wa bati akainua mikono. Sobir akatoka.

"Mama, kuna nini tena?"

"Ninalitolea pole gari lako," alisema. "Wenyewe siwaoni."

Na mzee Egamberdi hakumfungulia. Alisema nyuma ya lango, "Baba yako alikula kwa kalamu, sisi tukala nyasi. Rudi na mkate wako." Mama mkwe alikaza fundo la kitambaa. Kisha akasema, "Amesema kweli," tukarudi nao.

Machi Ismat alifunga mzigo akaenda Kazalinsk. Zamani ilikuwa safari ya treni tu. Sasa palikuwa na mpaka katikati, na askari vijana wasiojua wanalinda nini. Alikaa siku kumi na mbili. Aliporudi alikuja kwetu na vumbi lake.

"Nimemwona," alimwambia mama mkwe. "Yu hai. Ana watoto watano. Anasema bado anakumbuka miforosadi ya mferejini. Anakusalimu."

Mama mkwe alicheka, nami nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu kiangazi. Nikamsindikiza Ismat mpaka langoni. Hakuwa amegusa chai.

"Mulla."

"Alifariki," alisema. "Mwaka wa themanini na tisa, mwezi wa Agosti. Aliolewa na mtu wa reli, wanawe ni watu wa reli. Wananiita mjomba. Mmoja ana pua ya baba yangu, Mukarram, nilimtazama mpaka akaona haya."

"Na kwa nini umemdanganya tena?"

"Mara ya kwanza nilimdanganya kwa woga. Leo nimemdanganya kwa hiari yangu. Si kitu kimoja."

Niliporudi ndani mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya tundu la ukuta, ambalo alimkataza Tolib kulikandika.

"Ismat ni mwongo mbaya," alisema. "Tangu utotoni, akidanganya anaangalia viganja. Mwaka gani?"

Ningeweza kudanganya. Mimi siangalii viganja. Nikamwambia.

Akahesabu kwa vidole miaka mpaka tulipobomoa shubaka, akafika kwenye viwili, akavikunja. Kisha akatia mkono ndani ya shubaka tupu mpaka kwenye kiwiko.

"Nilidhani ninabusu neno la Mungu," alisema. "Kumbe nilikuwa nimemziba mtoto wa watu kinywa."

Alikwenda nyumba mbili zaidi, kisha miguu ikagoma. Alifariki mwezi wa Mei, forosadi zikiwa zinaanguka, akiwa amefika nyumba ya kumi na tisa. Tulimzika na mkate wa Nurmat pembeni yake. Zayniddin alisema si sunna, Ismat alisema afumbe macho kidogo.

Ilhom alirudi Juni, amekonda, na vifungo vya koti vina nembo ya nchi ambayo haipo. Barua zake zote za mwaka mzima alikuja nazo mwenyewe mfukoni. Hapakuwa na mtu wa kuzituma. Mkate wake nilikuwa nimekwisha kuuhamishia jikoni. Aliuloweka kwenye chai akaumaliza wote, nami nikahesabu matonge.

Zilibaki nyumba kumi na mbili, pamoja na ya Egamberdi. Nimezipitia kumi na moja. Daftari analo Ismat, alikuwa ananisomea kila Jumatano nilichopaswa kusema kesho yake. Tundu bado liko wazi. Wanawake bado wanakuja na matumbo yao, na wana wao wanaoondoka kwenda majeshi mapya. Kila mmoja ninamwambia kilichokuwamo mle. Wanasikiliza, wanatikisa kichwa, kisha wanaubusu ukuta hivyo hivyo.

Kwa Egamberdi siku hizi sibishi hodi. Kila Alhamisi naweka mikate miwili juu ya nguzo ya lango lake, imefungwa. Ijumaa asubuhi nikipita, kitambaa kipo, mikate haipo. Sijui kama anakula yeye au ni mbwa.